Uzazi Katika Hewa Nyepesi: Historia ya Mimba na Watoto Wachanga wa Milima Mirefu

Wahispania walipokwisha kuiangusha himaya ya Wainka, makao makuu ya kwanza waliyoipa nchi ya Peru yalikuwa Jauja, mji ulio katika bonde la milima ya Andes, kiasi cha mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Makao hayo hayakudumu. Mwishoni mwa mwaka 1534 wakazi wa Kihispania walikutana kujadili kuhamia pwani, na miongoni mwa sababu zilizoandikwa katika kumbukumbu za baraza la mji, pamoja na baridi na uhaba wa kuni, ilitajwa kwamba nguruwe, farasi na kuku hawakuzaana pale kama ilivyotarajiwa. Januari 1535 Francisco Pizarro akauasisi mji wa Lima karibu na bahari. Mtekaji aliyetegemea merikebu kuleta askari na kusafirisha dhahabu bila shaka alihitaji bandari kuliko alivyohitaji vifaranga, kwa hiyo hoja ya mifugo haifai kupewa uzito kupita kiasi. Hata hivyo hati ile ya Jauja ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ambamo ugumu wa kuzaa na kulea katika mwinuko mkubwa ulitajwa kama jambo la kiserikali, lililoweza kuhamisha mji mzima.

Suala lilipowafikia binadamu lilijidhihirisha kwa ukali zaidi huko Potosí, katika nchi inayoitwa leo Bolivia, ambako madini ya fedha yaligunduliwa mwaka 1545 na mji ukachipuka chini ya mlima wenyewe, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,000. Tamaa ya fedha ilivuta watu wengi hivi kwamba mwanzoni mwa karne ya 17 Potosí ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa duniani, ikikadiriwa kuwa na wakazi wapatao 160,000. Antonio de la Calancha, mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino ambaye historia yake ilichapishwa Barcelona katika miaka ya 1630, aliandika kwamba watoto wa Wahispania waliozaliwa mjini humo walikufa wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na kwamba wanawake wa Kihispania waliokaribia kujifungua walizoea kuteremka kwenye mabonde yenye hewa ya wastani, wakajifungulia huko na kubaki na mtoto hadi apate nguvu, ndipo warudi kwa waume zao mgodini. Kwa mujibu wa Calancha, ilipita miaka 53 tangu mji kuasisiwa kabla mtoto wa kwanza wa wazazi wa Kihispania hajazaliwa Potosí na kukua, naye alizaliwa usiku wa kuamkia Krismasi baada ya wazazi wake kumwekea nadhiri Mtakatifu Nikolao wa Tolentino. Mji ukaupokea uhai wake kuwa muujiza.

Mjesuiti Bernabé Cobo, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa kuhusu Amerika mwaka 1653, hakutosheka na muujiza. Aliona kwamba wenyeji wa Andes walikuwa na afya njema na waliongezeka zaidi katika nyanda zile zile za baridi ambamo watoto wa Wahispania walikufa, na akaongeza jambo ambalo kwa zama zake lilikuwa la uangalifu mkubwa: mtoto mwenye mzazi mmoja wa Kiandes, au hata babu mmoja, alikuwa na nafasi bora ya kuishi kuliko yule asiye na asili hiyo kabisa. Maelezo ya Cobo yanashangaza kwa jinsi yanavyokaribiana na matokeo yaliyokuja kupatikana kwa vipimo zaidi ya karne tatu baadaye. Lakini yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Wenyeji walihesabiwa ili watozwe kodi na wapelekwe kwenye kazi ya shuruti ya migodini iliyopangwa katika miaka ya 1570 na Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme, na hakuna mwandishi aliyeketi kuorodhesha vichanga ambao mama wa Kiandes walifiwa nao kwa umakini uliotumika kuorodhesha wa Kihispania. Kusema kwamba walistawi ni kusema kwamba walistawi machoni pa watu waliohitaji mikono yao.

Hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao aliyeweza kujua sababu, kwa kuwa oksijeni yenyewe haikugunduliwa hadi karne ya 18, na wengi waliilaumu baridi. Aliyeondoa utata huo ni Mfaransa Paul Bert, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1878 kuhusu shinikizo la hewa alionyesha, kwa majaribio ya wanyama na watu ndani ya vyumba vya chuma vilivyopunguzwa hewa, kwamba madhara ya milima hutokana na kupungua kwa msukumo wa oksijeni na si kwa baridi wala uchovu. Hewa ya mlimani ina sehemu ile ile ya oksijeni iliyomo katika hewa ya pwani, yaani asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yote kwa jumla, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Katika mwinuko wa mita 4,000 msukumo wa oksijeni ni takriban asilimia 60 tu ya ule wa ufukweni. Bert alikuwa amesukumwa na kusaidiwa na Denis Jourdanet, daktari aliyefanya kazi miaka mingi katika nyanda za juu za Meksiko na aliyeamini kwamba wakazi wa huko wana damu yenye upungufu wa kudumu.

Imani hiyo ya Jourdanet, kwamba mkazi wa mlimani ni mgonjwa asiyejijua, ilirithiwa na mwanafiziolojia wa Cambridge, Joseph Barcroft. Katika msimu wa 1921 na 1922 aliongoza msafara hadi Cerro de Pasco, mji wa migodi nchini Peru ulio kwenye mita 4,300 hivi, na baadaye akaandika kwamba wote waishio katika mwinuko mkubwa wana upungufu wa nguvu za mwili na za akili. Kauli hiyo iliwachoma Waperu. Carlos Monge Medrano, daktari wa Lima, alijibu kwa kuanzisha utafiti wa Kiperu katika milima ya Peru. Aliueleza mwaka 1928 ugonjwa sugu wa milima, unaowapata baadhi ya wakazi ambao damu yao huwa nzito kupita kiasi kwa wingi wa chembe nyekundu, akasisitiza kwamba wagonjwa hao ni wachache na kwamba Mwandes kwa ujumla ni mtu aliyezoea mazingira yake vilivyo, na akadokeza kwa kejeli kwamba Barcroft mwenyewe alikuwa akiumwa alipofikia hitimisho lake. Ni Monge huyo huyo aliyezifukua habari za Jauja, Calancha na Cobo, na kuzileta mbele ya wanasayansi katika kitabu chake kuhusu kuzoea mazingira ya Andes, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1948. Alizitumia pia kwa shabaha ya kizalendo, na mara nyingine alivuka ushahidi alioushika. Hata hivyo bila yeye zingebaki katika maktaba za watawa.

Barcroft hakurudi katika ubishi huo. Kuanzia miaka ya 1930 alijikita katika uchunguzi wa kondoo wenye mimba, na huko alikutana na jambo lililounganisha kazi zake mbili: kijusi cha kiumbe yeyote, hata yule ambaye mama yake anaishi ufukweni, hupata damu yenye oksijeni kidogo mno, kiasi ambacho mtu mzima angekipata karibu na kilele cha mlima mrefu kuliko yote. Msemo kwamba mtoto yumo Everest ndani ya mji wa mimba ulianza kutumika na hadi leo unahusishwa na jina la Barcroft. Kijusi huishi katika hali hiyo kwa sababu himoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hushika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, na kwa sababu kondo la nyuma, kiungo kinachomuunganisha na mama, huijongeza damu ya pande mbili karibu sana bila kuichanganya. Swali lililofuata lilikuwa dhahiri: iwapo aliye tumboni tayari yuko kileleni, huwa nini mama naye anapoishi mlimani?

Jibu la kwanza la takwimu halikutoka Andes. Lilitoka Leadville, mji wa zamani wa migodi katika jimbo la Colorado, Marekani, ulio kwenye mita 3,100, ambako maisha yaliendelea kutegemea mgodi mkubwa wa molibdeni wa Climax. Mwaka 1957 John Lichty na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa wilaya hiyo: walizaliwa na uzito mdogo waziwazi kuliko wa Denver, mji ulio kwenye mita 1,600, na wale walio chini ya gramu 2,500, kipimo kinachotumika kuwa mpaka wa uzito pungufu, walikuwa wengi mno kwa kulinganisha. Jambo la kushangaza ni kwamba hawakuwa njiti. Walikuwa wametimiza miezi yao tumboni. Walizaliwa wadogo kwa sababu walikua polepole, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Miaka sita baadaye Douglas Grahn na Jack Kratchman walichambua vizazi vya Marekani nzima kwa hofu nyingine kabisa, hofu ya zama za majaribio ya bomu la atomiki, wakitaka kujua kama mnururisho wa asili wa miamba ya milima ya magharibi ndio uliokuwa ukiua na kudumaza watoto wachanga. Mnururisho haukuonekana kuwa na hatia. Mwinuko ndio uliolingana na takwimu.

Kazi ya kueleza mambo yanavyokwenda mwilini ilichukua miongo iliyofuata, na sehemu kubwa yake iliongozwa na mwanaanthropolojia Lorna Moore wa Chuo Kikuu cha Colorado. Mjamzito wa milimani huanza kujihami mapema: homoni za ujauzito humfanya avute pumzi nyingi zaidi, na oksijeni katika damu yake hupanda kuliko ilivyokuwa kabla ya mimba. Mama anayepumua zaidi na kubeba oksijeni zaidi huelekea kuzaa mtoto mzito. Lakini oksijeni iliyo kwenye damu ya mama haimfai mtoto mpaka ifikishwe, na ufikishaji ndiko kwenye shida. Katika mimba ya kawaida ateri za mji wa mimba, yaani mishipa inayopeleka damu kwenye kondo, hupanuka hadi kipenyo chake kinaweza kuongezeka maradufu, na damu ipitayo humo huongezeka mara nyingi; miongoni mwa wanawake wa Leadville upanuzi huo ulikuwa mdogo, na damu iliyofika ilikuwa pungufu kwa takriban robo ikilinganishwa na ya wanawake wa Denver. Katika mwinuko huo huo ilionekana mara nyingi zaidi priiklampsia, ugonjwa wa shinikizo la juu la damu pamoja na protini katika mkojo unaotangulia kifafa cha mimba, ambao nao hutokana na kondo lisilopata damu ya kutosha. Mwaka 1997 Moore na mwenzake Jensen walikadiria kwamba uzito wa kuzaliwa hupungua kwa gramu 100 hivi kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na kwamba mwinuko hufanya kazi yake peke yake, ukijumlishwa tu na uvutaji sigara na maradhi mengine, wala hauyategemei.

Wakosoaji, na hawakuwa wakosoaji wabaya, waliuliza kama hewa haisingiziwi makosa ya umaskini, kwa kuwa vijiji vya juu vya Andes ni maskini kuliko miji ya chini na mama asiyekula hawezi kuzaa mtoto mnene. Bolivia ilikuwa mahali pazuri pa kulijibu swali hilo, kwa sababu La Paz, kwenye zaidi ya mita 3,600, na Santa Cruz, kwenye mita 400 tu, zina matajiri na maskini wake. Timu ya Dino Giussani wa Cambridge ilionyesha mwaka 2001 kwamba mwinuko ulihusiana na uzito mdogo wa kuzaliwa katika makundi yote mawili ya kipato. Kisha mwaka 2007 Giussani na wenzake wa Bolivia walifanya jaribio ambalo baraza la Jauja lingelielewa mara moja. Walichukua mayai ya kuku wa Santa Cruz wakayatotolesha La Paz, na vifaranga vilivyokuwa ndani vikadumaa. Walipoongeza oksijeni katika mashine ya kutotolesha, ukuaji ukarudi. Mayai ya kuku wa La Paz yaliyototoleshwa papo hapo La Paz yaliathirika pia, lakini kidogo kuliko ya kuku wa Santa Cruz. Yai hubeba chakula chake chote tangu linapotagwa, halina mama wa kulaumiwa kwa lishe wala kwa kazi nzito, na kwa hiyo kilichobadilika kati ya miji miwili kilikuwa hewa na ukoo wa kuku.

Hatari haikomi mtoto anapotoka tumboni. Kabla ya kuzaliwa mapafu hayana kazi, damu huyaepuka, na mishipa yake huwa imekaza kwa misuli minene; pumzi za kwanza ndizo zinazoilegeza, na katika siku chache mfereji mdogo unaoiunganisha ateri ya mapafu na aota hujifunga. Oksijeni ndiyo inayotoa amri hizo mbili, na mahali ambapo ni chache amri hufika kwa kuchelewa. Madaktari wa Peru waliofanya kazi katika miji ya migodi kuanzia miaka ya 1950, Dante Peñaloza na Emilio Marticorena wakiwemo, waligundua kwamba watoto wa juu hubaki na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu kwa miaka, na kwamba mfereji usiojifunga ulikuwa jambo la kawaida miongoni mwao kuliko kwa watoto wa Lima. Hali mbaya kuliko zote ilielezwa mwaka 1988 na kundi la wataalamu wa China na Uingereza huko Lhasa, Tibet, kwenye mita 3,600: watoto wachanga, wengi wao wa kabila la Han waliozaliwa nyanda za chini na kuletwa juu na wazazi wao, walikufa katika muda wa wiki au miezi michache, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha upande wa kulia wa moyo umevimba kwa kusukuma damu kwenye mapafu yaliyokataa kulegea.

Daktari Susan Niermeyer na wenzake, waliochapisha mwaka 1995, waliweka vipimo mahali ambapo awali palikuwa na maiti. Waliwafuatilia Lhasa watoto 15 wa Kitibet na 15 wa Kihan kuanzia kuzaliwa hadi miezi minne, wakipima kiwango cha oksijeni katika damu kwa kifaa kinachobanwa mwilini bila sindano. Wahan walianza kwa asilimia 92, na kufikia mwezi wa nne wakiwa usingizini walishuka hadi 76. Watibet walianza kwa 94, na usingizini katika umri huo walikuwa 86. Watoto wa Kitibet pia walizaliwa wazito zaidi. Usingizi ndio uliofichua tofauti, na kabla ya hapo ni wauguzi wachache waliokuwa na sababu ya kumpima mtoto aliyelala salama.

Kwa nini Watibet? Jibu linaloelekea kukubaliwa ni muda. Watu wameishi katika nyanda za juu za Tibet kwa maelfu mengi ya miaka, na kila kizazi kilichochujwa na vifo vya vichanga kimeacha nyuma waliomudu. Mwaka 2004 Cynthia Beall na wenzake waliripoti kwamba wanawake wa Kitibet wanaokaa kwenye mita 4,000, waliokadiriwa kuwa na urithi wa oksijeni nyingi katika damu, walikuwa wamefiwa na watoto kwa wastani wa 0.48 kila mmoja, ambapo wale wenye urithi wa oksijeni chache walifiwa na 2.53. Tofauti kubwa kiasi hicho ndani ya jamii moja ni nadra katika elimu ya urithi wa binadamu. Mwaka 2010 makundi kadhaa ya watafiti yalitambua jeni iitwayo EPAS1, inayohusika na jinsi mwili unavyoitikia upungufu wa oksijeni, kuwa ndiyo iliyobadilika sana kwa Watibet, na miaka minne baadaye ikaonekana kwamba walirithi namna yake kutoka kwa Wadenisova, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Andes ilichukua njia nyingine. Wanawake wenye asili ya Kiandes huendelea kuzipanua ateri za mji wa mimba pale ambapo za mgeni hushindwa, na watoto wao hulindwa kwa sehemu, ingawa si kikamilifu; katika mwaka 2014 jeni iitwayo PRKAA1 ilihusishwa na kipenyo cha ateri hizo na uzito wa kuzaliwa. Cobo aliita damu; utafiti wa sasa unaita urithi uliochujwa, na tofauti yao ni kwamba urithi huu hauhusu ubora wa kabila lolote bali ateri moja na kazi yake.

Afrika nayo ina nyanda zake. Waamhara wa milima ya Semien nchini Ethiopia, waliochunguzwa na Beall kwenye mita 3,530 na matokeo kutolewa mwaka 2002, walikuwa na oksijeni na himoglobini zinazokaribia za watu wa ufukweni, njia ya tatu isiyofanana na ya Tibet wala ya Andes. Upande wa kusini zaidi, nchi za Afrika Mashariki hazina miji ya mita 4,000, na wakazi wengi wa nyanda za juu za Kenya, Rwanda au Burundi huishi kati ya mita 1,500 na 2,500, kiwango ambacho kwa muda mrefu hakikuhesabiwa kuwa na madhara kwa mimba. Mwaka 2020 Kaleab Baye wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa na Kalle Hirvonen walitazama vipimo vya watoto zaidi ya 960,000 kutoka nchi 59, wakakuta kwamba watoto wa mita 1,500 na kupanda walikuwa wafupi kuliko kiwango kinachotarajiwa hata walipotoka katika nyumba zenye maji safi, choo na mama mwenye elimu, na kwamba sehemu kubwa ya upungufu ilikuwapo tayari katika miezi ya mwanzo ya maisha. Kiwango chenyewe ni kile cha Shirika la Afya Duniani, kilichotolewa mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa Accra, Delhi, Davis ya California, Muscat, Oslo na Pelotas ya Brazil, kwa sharti kwamba eneo la utafiti liwe chini ya mita 1,500. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300 na Nairobi karibu na 1,700, na katika kliniki za miji hiyo uzito na urefu wa mtoto huandikwa dhidi ya mistari iliyochorwa kutokana na watoto hao wa nyanda za chini.